Kiti cha Wasyl Hnatiuk

Jumatatu, 11 Agosti

Metro Olinyk amekuja leo na maua. Nimemzika mume wangu Wasyl mwezi wa tano, na leo ndiyo kwanza ameikumbuka njia ya nyumbani kwangu. Alisimama mlangoni na shati jeupe, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuposa.

"Shemeji," akasema, "Chama kimenipitisha mimi. Uchaguzi mdogo ni Oktoba sita. Nimeona nisiende kokote kabla sijapata baraka zako."

Nikamwuliza baraka za nini.

"Za kukikalia kiti cha Wasyl bungeni."

Nikafunga mlango. Maua akayaacha kwenye ngazi. Binti yangu Hania aliporudi kutoka shambani aliyaokota akayatia kwenye maji. Nikayatoa nikawatupia kuku.

Jumanne, 12 Agosti

Joto. Ngano ya upande wa mashariki inageuka rangi.

Jumatano, 13 Agosti

Nayaandika haya ili mtu asije kuniambia kwamba nimekosea.

Wasyl alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa wakulima hapa Vesna alipoombwa kugombea. Metro ndiye aliyemwendesha kwenye kampeni ile ya kwanza, majira ya baridi, kwenye lori lisilo na joto ndani, wamejifunika blanketi moja kama watoto. Wakashinda. Wakashinda tena na tena. Metro akafungua duka lake la mashine za shamba, akawa baba wa ubatizo wa Hania, akawa mwenyekiti wa Chama jimboni. Wasyl alikuwa bungeni Ottawa, Metro alikuwa hapa, na watu walisema jimbo letu lina wabunge wawili.

Halafu Chama kikaleta mswada wa kuwaruhusu wenye reli kung'oa njia ndogo zisizowaletea faida. Njia yetu ya Vesna ilikuwa mojawapo. Bila njia ile, kila mkulima wa hapa angesomba ngano yake kwa lori mpaka karibu na mji wa Saskatoon, na ghala letu lingebaki la njiwa. Wasyl akasimama akapiga kura ya hapana. Upande wake wote wa Bunge, yeye peke yake. Siku iliyofuata wabunge wa Chama wakakutana faraghani, wakainua mikono, wakamfukuza. Kiti chake kikahamishwa mwisho kabisa, karibu na mlango. Mswada ukapita, ila kwa kelele zake yeye, njia ya Vesna ikaachwa kwa muda.

Miaka miwili alikaa kule mwisho. Mimi aliniambia anaona vizuri zaidi kutoka huko.

Januari hii daktari akamwambia ana uvimbe kwenye kongosho. Mtu wa kwanza kuambiwa baada yangu alikuwa Metro, hapa, mezani kwangu, mimi nikimimina chai. Wasyl alisema, "Usimwambie mtu mpaka tumalize kupanda. Jumamosi kamati ya jimbo inakaa kuamua kama iombe nirudishwe kwenye Chama. Nataka nirudi nikiwa nasimama kwa miguu yangu." Metro alilia. Alimshika Wasyl shingoni kwa mikono miwili, wakagusana vipaji vya uso.

Jumamosi ilipofika Metro akasimama mbele ya ukumbi mzima akasema, "Wasyl ni ndugu yangu. Lakini Wasyl ni mtu anayekufa, na akili yake haiko sawa tena."

Wasyl alikuwa amekaa mstari wa pili. Alikuwa amevaa koti, kwa sababu siku hizo alikuwa hapati joto. Kamati ikakataa kumwombea.

Akili yake ilikuwa sawa mpaka asubuhi ya mwisho. Aliniuliza kama nimefunga lango la ng'ombe.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimempigia Metro simu. Nimemwambia nimekubali, nitasimama naye. Nikasikia anapenga kamasi.

Hania akaniuliza, "Mama, umemsamehe baba mdogo?"

"Ameomba baraka. Nimempa."

Sijui bado nitamfanya nini. Najua tu kwamba nikiwa mbali naye siwezi kumfanya lolote.

Jumamosi, 16 Agosti

Wamenipiga picha na Metro mbele ya ghala la reli. Mpiga picha akaniambia nimwegemee kidogo. Nikamwegemea.

Jumatano, 20 Agosti

Tumeanza kukata ngano na kuilaza ikauke. Mbu wengi.

Ijumaa, 22 Agosti

Chakula cha jioni cha Chama, ukumbi wa chini ya kanisa. Mimi na Stefka, mke wa Metro, tulikanda unga wa pirohi tangu asubuhi, tukajaza viazi na jibini. Miaka yote tunafanya hivi, yeye anakunja, mimi nabana kingo. Stefka haongei sana. Alhamisi zote za ugonjwa wa Wasyl alikuja na sufuria ya mchuzi, akaiacha jikoni bila kuomba kumwona mgonjwa. Mumewe hakuja hata mara moja.

Metro alizungumza vizuri. Lazima niseme kweli, alizungumza vizuri sana.

Jumatatu, 25 Agosti

Mvua. Ngano imelala chini inanyeshewa. Hania anazungukazunguka jikoni.

Jumatano, 27 Agosti

Mvua.

Alhamisi, 28 Agosti

Mvua. Nimeenda na Metro kwenye vijiji vitatu, maana watu wote wako ndani na hawana la kufanya ila kutusikiliza. Ananifundisha kazi bila kujua. "Shemeji, mtu ukimpa mkono, usimtazame anayefuata nyuma yake. Mtazame huyu huyu kana kwamba nyuma hakuna mtu." Na kwenye gari: "Usiwaambie utafanya nini. Waulize ghala lao likoje, halafu nyamaza. Watakujazia mwenyewe."

Nimejaribu. Ni kweli, wanajaza.

Kule Dovhe mzee Panko, ambaye hasikii vizuri, alinishika mkono akamwuliza mwanawe, "Huyu mama ndiye tunayempigia kura?"

Watu wakacheka. Metro ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mimi nilicheka kidogo tu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikilifikiria swali la Panko.

Jumatatu, 1 Septemba

Jua. Asante Mungu. Upepo unakausha.

Alhamisi, 4 Septemba

Tunavuna. Hania anaendesha kombaini, mimi naendesha lori kupeleka ghalani. Mzigo wa kwanza ngano ilikuwa na unyevu, ikashushwa daraja. Mwenye ghala aliniambia anasikitika. Nikamwuliza ghala lake likoje, halafu nikanyamaza. Alinishikilia pale mpaka lori lililokuwa nyuma likaanza kupiga honi.

Jumapili, 7 Septemba

Ibada ikiendelea, Hania alikuwa shambani, maana redio imetangaza jalidi, baridi inayoua mimea. Saa nne kombaini ikasimama. Beringi imekufa na mkanda umekatika. Jumapili hakuna duka linalofunguliwa mkoa mzima.

Kabla sijazuia, Hania alishampigia simu Metro. Akaja na nguo za kanisani. Alikuwa amefungua duka lake mwenyewe, ametafuta vipuri mwenyewe. Akavua koti, akaingia chini ya mashine na suruali ile ile. Walifanya kazi mpaka alasiri, yeye na Hania, wakitaniana.

"Baba mdogo, tumbo limekua, hutatoka humo."

"Nikikwama, mpigie mama yako simu kule Ottawa aje anivute."

"Ottawa si unaenda wewe?"

"Ah, ndiyo, mimi. Mafuta yameniingia kichwani."

Mashine ikawaka. Hania akarudi nayo shambani, na mimi nikalazimika kumlisha mtu huyu. Nikampa supu ya borshi na mkate. Alikaa pale pale alipokaa Januari. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi hata baada ya kunawa.

Nakiri hapa kwamba nilimwonea huruma kwa muda wa sahani moja ya borshi. Ni mzee. Anapumua kwa mdomo akila. Nikafikiri, mwache tu.

Ndipo akasema, "Shemeji, kuna kitu kinanikaba. Nikuambie?"

"Niambie."

"Njia ya Vesna wataing'oa. Wakati wa masika. Uamuzi umeshafanyika, wanangoja uchaguzi upite tu. Kiongozi wa Chama mwenyewe ameniambia. Nimekubali kwa sababu watatupa barabara, na mimi watanipa uwaziri mdogo wa kilimo. Nikiwa ndani nitaweza kutusaidia. Wasyl alitaka yote, akakosa yote."

Nikamwuliza, "Na pale ukumbini kila siku unawaambia nini kuhusu reli?"

"Nawaambia nitaipigania." Akafuta macho kwa kiganja. "Usimwambie mtu, Teklia. Mpaka mavuno yaishe."

Nikamwongezea borshi.

Jumatatu, 8 Septemba

Jalidi haikuja. Tumevuna siku nzima.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemwambia Hania ninachotaka kufanya. Aliacha kula.

"Mama, yule mtu alikuwa chini ya kombaini yetu juzi."

"Namshukuru."

"Unataka kumwangusha kwa sababu ya maneno aliyosema kwenye mkutano."

"Maneno gani, Hania? Uyarudie hapa."

Hakuyarudia. Akasema jambo jingine, na hilo naliandika jinsi alivyolisema, nisilipambe. "Baba hakuwa hapa mavuno hata moja. Hata moja, Mama. Kila mwaka alipiga simu akasema bado kidogo. Aliyekuja alikuwa baba mdogo Metro. Aliyenifundisha kuendesha kombaini ni yeye. Wewe unamlilia mbunge. Mimi baba niliyemwona alikuwa huyu mwingine."

Nikatoka nje nikaenda kuwatazama ng'ombe. Ni kweli alichosema. Nimekizungusha kichwani mpaka jioni, na kila nikikizungusha, hasira yangu kwa Metro inaongezeka badala ya kupungua. Hata hilo alilichukua.

Jumamosi, 13 Septemba

Kugombea kiti kunahitaji sahihi za wapiga kura wa jimbo. Nimezipata zote ghalani na Dovhe. Mzee Panko alitia yake kubwa kuliko zote, akasema, "Si nilisema?"

Nimewaomba wasiseme mpaka Jumatatu. Hakuna aliyesema. Kumbe watu wanaweza kutunza siri.

Jumatatu, 15 Septemba

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha. Niliingia ofisini muda mfupi kabla hawajafunga. Teklia Hnatiuk, mgombea binafsi.

Sikumaliza kuvua viatu nyumbani, simu ikalia.

"Shemeji, unanifanyia nini?"

"Nagombea."

"Dhidi yangu?"

"Dhidi ya nani mwingine? Yule wakili wa Saskatoon aliyeletwa na wapinzani simjui."

"Nimekutembeza jimbo zima. Nimekusimamisha kwenye kila jukwaa."

"Najua, Metro. Umenifundisha vizuri."

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na lile nililokuambia?"

Nikamwambia usiku mwema.

Nilitaka alale nalo. Najua kulala na kitu cha namna ile kukoje.

Alhamisi, 18 Septemba

Jalidi. Bustani imekufa yote, maboga yamekuwa meusi.

Jumatatu, 22 Septemba

Metro amekonda. Nilimwona kwenye dirisha la duka lake. Kila gazeti likija analifungua akiwa amesimama. Sijasema kitu bado. Yeye naye ameacha kuitaja reli mikutanoni.

Jumanne, 23 Septemba

Upepo. Tumevuna shayiri yote.

Ijumaa, 26 Septemba

Leo kulikuwa na mdahalo wa wagombea, ukumbi wa Vesna. Watu walisimama mpaka nje, matrekta na malori yamejaa barabarani kama siku ya mnada. Wakili wa Saskatoon alizungumza kwanza, kijana safi, hakuna anayekumbuka alisema nini. Metro akafuata. Akasema juu yangu kwa heshima, mjane wa rafiki yake, uchungu bado mbichi, tumwombee. Alikuwa anawaandaa waniamini kidogo iwezekanavyo. Na mimi pia akili yangu haiko sawa, alikuwa anataka kusema, ila alichagua maneno laini zaidi.

Zamu yangu ilipofika sikwenda kwenye kipaza sauti. Nilisimama mahali nilipokaa.

Nikasema, "Januari mume wangu alimwambia Metro, mezani kwangu, kwamba anaumwa. Akamwomba asiseme. Jumamosi ile wengi wenu mlikuwa humu, mlisikia. Karibu wiki tatu zilizopita Metro alikaa kwenye kiti kile kile, akaniambia jambo, akaniomba nisiseme. Nataka ninyi mumwulize mwenyewe ni jambo gani. Akikataa, nitasema mimi."

Mwenye ghala akainuka nyuma kule. "Metro. Jambo gani?"

Metro alinitazama. Sikuangalia pembeni. Nilimtazama yeye tu, kana kwamba nyuma yake hakuna mtu.

"Ni reli," akasema. "Inang'olewa masika."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Angeweza kukana. Neno langu dhidi ya lake, na mimi ni mjane mwenye uchungu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nimepanga maneno. Yeye akasema nilijua, akakaa, akaiweka kofia yake gotini. Hapo ndipo kelele zilipoanza, na ilichukua muda mrefu kabla mtu yeyote hajasikika.

Stefka alikuwa ameketi mstari wa pili. Hakugeuka kunitazama.

Jumamosi, 27 Septemba

Sijisikii vibaya. Nimejichunguza, sioni kitu.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mvua nyepesi. Kipande cha magharibi bado.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeshinda. Metro ni wa tatu, nyuma hata ya yule kijana. Watu walikuja nyumbani, wakala kila kitu kilichokuwepo. Mzee Panko alicheza. Hania aliwapikia chai, akanibusu, akaenda kulala mapema.

Jumanne, 7 Oktoba

Stefka amekuja. Hakuingia. Alikuja kuchukua sufuria zake, zile za mchuzi wa Alhamisi, ambazo sikuwahi kuzirudisha. Nilimkusanyia, nikazifuta vizuri kwa kitambaa.

"Mimi nilijua amefanya vibaya," akasema. "Tangu siku ile ya Januari nilijua. Kwa nini unadhani nilikuwa nakuja?"

"Stefka, wewe sina neno nawe."

"Mimi ndiye ninayelala naye. Haongei. Anakaa kwenye gari uani. Ulipomfanyia yeye hayo ulifikiri mimi nitakuwa wapi?"

Nikasema sikufikiri. Ndiyo kweli.

"Sawa," akasema. Akapanga sufuria ndani ya gari moja moja, polepole, asizigongeshe. Sidhani kama tutakanda unga pamoja tena.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tumemaliza kipande cha magharibi. Mavuno yameisha.

Metro alikuwa amesimama kando ya uzio nilipokuwa nashuka kwenye lori. Sijui alifika saa ngapi.

"Umefurahi, Teklia?"

"Nimeridhika."

"Wale mabwana wa kule wataing'oa tu hiyo reli. Hutawazuia. Na sasa hata barabara hatupati."

"Inawezekana."

"Mimi sikumtoa Wasyl kwa chuki. Chama kiliniambia, ama yeye aondoke ama ghala lifungwe. Nilikuwa nimeogopa."

"Nani alikuambia?"

Akanitajia majina. Alikuwa amechoka, akayatoa yote bila kuficha. Nani alipanga, nani alizunguka kuwahesabu wenzake, nani alisema mtu anayekufa hana maana tena kwa Chama. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia arudi nyumbani, mkewe anamngoja. Hilo nililisema kwa ajili ya Stefka.

Jumanne, 28 Oktoba. Ottawa

Mbunge mpya anayeingia katikati ya muhula husindikizwa na wenzake wawili mpaka kwa Spika. Jana mnadhimu wa Chama, Graydon Peake, alinifuata kwenye korido, mtu mrefu, mpole, ananukia sabuni. Akasema yaliyopita yamepita, rudi nyumbani kwenye Chama, Kiongozi mwenyewe atakushika mkono. Jina lake lilikuwa la kwanza kati ya yale niliyopewa kando ya uzio.

Nikasema nitafikiri. Leo nikaingia peke yangu. Zulia ni refu. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani na vilikuwa vinabana, lakini nilikwenda polepole makusudi, wapate muda wa kulikumbuka jina la Hnatiuk.

Wamenipa kiti cha Wasyl, kule mwisho karibu na mlango. Kila mtu akiingia, baridi inanipiga mgongoni. Sauti za mbele hazifiki. Nimekaa pale saa nzima na sikusikia hoja hata moja ikiisha. Miaka miwili mume wangu alikaa hapa, na nyumbani alisema anaona vizuri zaidi.

Anaona nini? Nikaangalia. Chama kina wabunge wengi mno, upande wao hauwatoshi, wengine wamevuka wakaketi upande huu, mbele yangu. Naona migongo yao. Shingo, mabega, vipara. Jirani yangu, bwana mmoja wa Newfoundland anayesinzia, nilimwomba anitajie majina, akanitajia kwa mpangilio wa viti. Mengi ninayajua.

Mmoja wao, mnene, wa jimbo la karibu na ziwa, aligeuka akaniona nakodoa macho. Metro alisema huyu ndiye aliyeinua mkono kabla ya wote. Alitabasamu, akanyoosha mkono nyuma ya kiti akanipa peremende.

"Karibu, mama. Huku nyuma kuna baridi, utazoea."

Nikaipokea. Nikamshukuru. Nikamwuliza kwao mavuno yalikwendaje mwaka huu, halafu nikanyamaza.